Uwesu na Kidude cha Kadi

Mdogo wangu Uwesu akiingia dukani kununua sabuni, wewe tafuta kiti ukae. Atashika ya bluu, atainusa, atairudisha. Atashika nyeupe. Atamuuliza muuzaji ipi inatoa povu, muuzaji atamjibu zote zinatoa povu, kwani umeona wapi sabuni isiyotoa povu? Hapo ndipo anachanganyikiwa kabisa. Mwishowe anatoka mikono mitupu, anakuja kuniomba mimi kipande. Ana miaka arobaini na mbili huyo mtu.

Sisemi haya kwa kumsengenya. Nampenda, tumetoka tumbo moja. Lakini mkitaka habari ya ile taa ya Likunja, lazima kwanza mumjue mwenyewe, la sivyo mtadhani nimetunga.

Tumezaliwa Naipingo, mimi Mwanakheri nikiwa wa kwanza, yeye wa mwisho. Mimi nauza mbaazi, choroko na dagaa sokoni Nachingwea. Yeye kibanda chake kipo hatua chache nyuma ya meza yangu, anatengeneza redio, simu, spika, feni, chochote chenye waya. Kwenye waya habahatishi. Mpelekee redio iliyonyamaza tangu bibi yako yu hai, ataifungua, ataitazama, atagusa mahali pamoja tu, nayo itaimba. Shida yake ni pale penye njia mbili. Hapo anasimama katikati mpaka jua linazama.

Alioa Likunja, kule Ruangwa, akamwoa Zaitun, mwanamke mchapakazi asiye na maneno. Kwetu mume huhamia upande wa mke, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Kaka yake Zaitun anaitwa Ismaily, mtu wa kauli moja. Uwesu alitakiwa aamue: alime mikorosho ya wakwe, au afungue kibanda Ruangwa mjini, au amchukue mkewe waje Nachingwea. Aliwaza kwa miaka mitatu. Siku moja akaja Nachingwea kununua waya wa risasi wa kulehemu, akakaa wiki tano, aliporudi akakuta begi lake limewekwa nje, limefungwa vizuri kwa kamba. Hakupigana na mtu, wala hakutukanwa. Alibeba begi akaja kwangu. Nyuma aliacha mtoto wa kike wa miaka miwili.

Jina la utoto la huyo mtoto sitalitaja. Siku hizi ameshatoka unyagoni, ana jina lake jipya, na kwetu ukimwita mtu wa namna hiyo kwa jina la zamani umemtukana, unatozwa kuku. Mimi kuku wangu nawahitaji. Nitamwita mtoto tu mpaka tufike panapostahili.

Miaka kumi na moja Uwesu alikwenda Likunja kila Idi. Anabeba nguo, madaftari, viatu ambavyo amekaa mbele yake siku nzima akishindwa kuchagua rangi. Mtoto anasema shikamoo, anapokea, anashukuru, anakwenda zake kucheza. Mara ya mwisho nilikuwa naye. Tulipokuwa tunaondoka, mtoto wa jirani akamuuliza mwenzake yule ni nani, na binti yetu akajibu, bila ubaya wowote, “Ni fundi redio wa Nachingwea.” Uwesu alisikia. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, “Dada, mwezi wa sita anaingia unyagoni. Siku ya kutoka nataka ajue mimi ni nani wake. Siku hiyo ikinipita, imenipita moja kwa moja.”

Nilimwelewa. Mtoto akitoka unyagoni amekuwa mtu mzima, na watu huhesabiwa siku ile: huyu wetu, huyu mgeni. Ukishahesabiwa mgeni, basi, utaletewa chai na kiti cha wageni mpaka ufe.

Sasa mtu ambaye hawezi kuchagua sabuni, siku hiyo sijui alipandwa na nini. Akampigia simu Ismaily akamwambia, “Shemeji, siku ya kutoka nitaliandika jina la mwanangu kwa mwanga kwenye ukuta wa nyumba yako.” Ismaily akacheka sana. Akamwambia wenzako huleta mchele na mbuzi. Uwesu akasema mchele nitaleta, mbuzi nitaleta, na mwanga nitaleta. Nikamkodolea macho. Mwanga upi?

Kumbe taa alikuwa nayo. Mwenye ukumbi mmoja wa Ruangwa, ukumbi wenyewe ulishafungwa, alimpa boksi la bati jeusi maana panya walikuwa wametafuna ubao wa saketi wa ndani na halikuwa na kazi tena. Ni taa ya leza, ya kuchora maua na nyota ukutani wakati muziki unapigwa. Uwesu alikuwa anachezea hiyo taa kibandani kama starehe yake, anaifuta vumbi, anaifungua, anaifunga. Wenzake wana bao, yeye ana boksi.

Aliyetufafanulia ni Mwalimu Modestus, anafundisha fizikia sekondari, amehamishiwa huku kutoka Bukoba. Mtu mpole, anakuja kwangu kununua dagaa na kulalamika kuwa si wa ziwani. Alisema, “Dada Mwanakheri, umewahi kuona mtoto akizungusha kijinga cha moto gizani? Unaona duara, kumbe ni nukta moja inakimbia. Na humu ndivyo.” Ndani kuna vioo viwili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Kimoja kinaipeleka nukta kushoto na kulia, kingine juu na chini, haraka mpaka jicho linadanganyika na kuona herufi. Mpaka hapo nilimwelewa. “Lakini lazima kiwepo kitu cha kuviambia vioo vitikisike vipi,” akasema. “Huo ndio ubongo. Ubongo wa hii umeliwa na panya. Inabidi mnunue mwingine, na hapo ndipo kazi ilipo.”

Na ndipo kazi ilipokuwa, jamani! Muuzaji wa Dar alituma picha kwenye simu. Kidude cha kwanza kina tundu la kadi ndogo kama ya simu: unaandaa michoro mapema kwenye kompyuta, unaiweka kwenye kadi, unachomeka, taa inachora yenyewe mwanzo hadi mwisho, kompyuta huna haja nayo. Cha pili unakiunga na kompyuta kwa waya wa USB, kompyuta inakaa hapohapo, ukiandika neno linatokea ukutani wakati huohuo. Cha tatu kinafanana na cha pili ila waya wake ni wa mtandao, mrefu, unaweza kukaa mbali na taa. Halafu kukatokea cha nne, cha kuungwa na meza ya taa za ukumbini, ambacho mwalimu alikieleza kwa dakika ishirini kisha akasema hicho hakitufai. Sasa kwa nini ulikieleza?

Nilisikiliza kwa makini mpaka mahali fulani, baadaye nikawa naona midomo ya mwalimu inacheza tu. Nyuma ya taa kuna tundu lenye vijipini ishirini na tano, kidude kingine kinaingia hapo moja kwa moja, kingine kinataka waya wa katikati. Kimoja kinakubali programu ya bure, kingine hakikubali. Kimoja kinatoa vitone vingi kwa sekunde lakini vioo vya taa yetu havina mbio za kuvifuata, kwa hiyo wingi huo ni wa bure. Nikauliza, “Sasa kizuri ni kipi?” Mwalimu akajibu, “Inategemea.” Mimi neno hilo nalichukia kuliko mchwa.

Uwesu ndiyo akapotea kabisa. Wiki ya kwanza alikuwa wa kadi. Wiki ya pili akawa wa USB. Alhamisi moja akawa wa waya mrefu, Ijumaa baada ya swala akarudi kwenye kadi, jioni akaniambia, “Dada, nikifumba macho naona vidude.” Muuzaji wa Dar akawa anatuma alama ya kuuliza peke yake, bila neno. Kibandani redio za watu zilijaa mpaka mlangoni. Na siku zinakwenda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu. Ilikuwa asubuhi ya mnada, nimezungukwa na wateja, mikono imejaa mbaazi. Uwesu na mwalimu wakaja kusimama mbele ya meza yangu, kila mmoja na simu yake. Mwalimu alikuwa anamuuliza, “Kitu kimoja tu kitaamua. Mtaandika maneno mnayoyajua tayari, au yatakayojulikana hapohapo?” Uwesu akafungua mdomo. Akaufumba. Akatazama juu. Mteja wangu ananiambia mama pima basi, nachelewa. Nikadakia, “Ni jina la mtoto wake, mwalimu! Nani asiyejua jina la mtoto wake? Kipi hakitaki kompyuta?”

“Cha kadi,” akasema mwalimu.

“Basi chukueni cha kadi mniondokee hapa!”

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye wa Bukoba, angejuaje? Kwanza alifurahi, maana likizo angesafiri na kompyuta yake, na kwa kadi asingehitajika siku yenyewe. Uwesu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kidude kikaagizwa palepale. Mimi nikapima mbaazi zangu, najiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Nachingwea.

Kilifika na basi, kimefungwa kwenye maboksi matatu, boksi ndani ya boksi. Uwesu alikiunganisha siku moja tu, hapo kwenye waya hana mchezo. Tulifunga mlango wa kibanda, tukaziba madirisha kwa makhanga yangu, akawasha. Nyota ya kijani ikatokea ukutani. Ikazunguka. Likaja ua, akaja kipepeo anapiga mabawa. Wallahi nilipiga kigelegele peke yangu. Mwalimu alikuwa anarudia kila dakika, “Msielekeze machoni mwa watu, juu ya vichwa, ukutani tu,” lakini na yeye meno yote nje. Akasema, “Mimi mitihani nimemaliza kusahihisha, nasafiri kesho. Nipeni jina niliweke kwenye kadi.”

Uwesu akanitazama. Nami nikamtazama. Ala! Jina gani?

Mtoto alikuwa ameshaingia ndani unyagoni, hiyo ni siku yake ya tisa. Lile jina la utoto lilikuwa limekufa. Kuliandika ukutani mbele ya watu siku ile ingekuwa aibu ya mwaka. Na jipya hutajwa siku ya kutoka, na kungwi, mbele ya kadamnasi. Wanaume hawalijui kabla. Baba ndiyo kabisa. Sisi wawili, watu wa huku, tumechezwa, mimi unyago yeye jando, tumebadilishwa majina na sisi, tulikaa wiki tatu tukichagua vidude na hakuna aliyekumbuka. Mimi kila nilipofikiria jina nilifikiria lile tulilolizoea, yeye alikuwa anafikiria vijipini. Kidude cha USB ndicho kilichotufaa. Kompyuta ingekuwepo, jina lingetajwa, lingeandikwa. Nilikikataa kwa sababu ya kilo moja ya mbaazi.

“Nani analijua?” akauliza mwalimu.

Uwesu akajibu polepole, “Wanawake walioingia ndani.” Na akaendelea kunitazama mimi, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuwa Likunja, niliingia ndani kama shangazi, na nilikuwa nalijua.

Jamani, mnielewe. Kungwi, Bi Twalha, alinikaribisha kwa shingo upande. Alinieleza kwa Kimwera kilekile cha bibi zetu kwamba upande wa baba huwa hauitwi, wameniita kwa hisani, na jina likitoka nje kabla ya siku yake atajua limetoka kwa nani. Nikala yamini. Ningelisema, tungefungiwa mlango mimi na Uwesu na kizazi chetu chote. Nisipolisema, kadi inaandikwa nini? Nilikuwa sijui nishike lipi niache lipi.

“Dada,” akasema Uwesu.

“Usiniulize.”

“Herufi ya kwanza tu.”

“Uwesu, nitakuzaba kofi!”

Nikamwambia aandike hongera mwanangu, yaishe. Akakataa. Alisema hongera wanaandika hata kwenye keki, yeye aliahidi jina. Akainama, akafikiri, halafu uso ukamng’aa. “Mwandikie Semeni,” akamwambia mwalimu. “Semeni ni mama yetu, marehemu. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi. Lazima litakuwa hilo.” Akageuka kunitazama usoni.

Halikuwa hilo. Upande wa mama ndio wenye neno, tena hata hao walimwachia mtoto achague mwenyewe kati ya majina mawili. Lakini nikisema siyo, nimeshatoa nusu. Nikisema ndiyo, nimesema uongo. Nikageuka nikaanza kushusha khanga dirishani, moja baada ya nyingine, nazikunja taratibu, naziunganisha ncha. Aliona mgongo wangu akadhani nimekubali. Mwalimu akaandika herufi sita, akachomoa kadi, asubuhi akapanda basi lake. Usiku huo sikula.

Siku ya kutoka ilikuwa Jumamosi. Likunja palijaa watu, wengine walitoka mpaka Mnero kwa habari ya taa tu. Uwesu alivaa kanzu mpya. Aliweka boksi lake juu ya meza, akaliinua kwa matofali mawili ili mwanga upite juu kabisa ya vichwa, akavuta umeme kutoka dukani kwa jirani. Ukuta wa Ismaily ulikuwa umepakwa chokaa upya. Ismaily mwenyewe alikuwa anapitapita, mikono nyuma, anasema, “Tutaona huo mwanga.” Mara mbili nilimfuata Uwesu nimwambie. Mara ya kwanza Bi Twalha alikuwa nyuma yangu. Mara ya pili hapakuwa na mtu, na mdomo ukagoma. Nilimwambia, “Kanzu imekupendeza.” Mjinga mimi!

Baada ya Magharibi, giza lilipokaa sawa, akinamama wakamtoa mwali. Alikuja amefunikwa khanga mbili mpya, ameinamisha uso, akakalishwa mkekani, mimi nikakaa ubavuni kwake kama shangazi. Kwetu mwali hainui uso mpaka atuzwe. Watu huja mmoja mmoja kutupia chochote kwenye sinia, na mpaka kungwi aridhike, yule anaitazama ardhi. Uwesu akawasha. Nyota zikaja, watu wakashangilia. Maua, vipepeo, mishale, kisha KARIBUNI WAGENI, watoto wakawa wanasoma kwa sauti. Alikuwa amepanga na Bi Twalha: ukiona vipepeo mara ya pili, taja jina, nalo litatokea.

Vipepeo wakaja mara ya pili. Bi Twalha akasimama, akapaza sauti. “Kuanzia leo huyu si yule. Huyu anaitwa Shakila!”

Na ukutani, kwa herufi za kijani zenye urefu wa mlango, ikaandikwa SEMENI.

Vigelegele vilianza vikakatikia njiani. Watu wakatazama ukuta, wakamtazama kungwi, wakatazama ukuta tena. Mzee mmoja akauliza wamechezwa wawili? Ismaily alikuwa ameshafika mezani. “Semeni ni nani?” akafoka. “Umeondoka hapa miaka kumi na moja, leo unakuja kumpa mtoto wetu jina la kwenu juu ya ukuta wangu? Zima hilo dude!” Uwesu alikuwa amesimama mdomo wazi, anaangalia boksi lake kana kwamba limemsaliti. Akavuta waya. Giza likarudi, na minong’ono ikajaa uwanja mzima.

Chini ya khanga nikasikia sauti. “Shangazi, kuna nini?”

Machozi yalikuwa yananitoka. Nikainama nikamwambia yote, harakaharaka, bila kupanga. Kwamba baba yake alitaka kuandika jina lake kwa mwanga. Kwamba mimi ndiye niliyemchagulia kidude kisichobadilika. Kwamba nilijua jina, na nilijua amekosea, nikakunja khanga nikanyamaza. Kwamba pale ukutani palikuwa na jina la bibi yake na mjomba ameamuru lizimwe.

“Kubwa?” akauliza.

“Kubwa kama mlango.”

“Na aliliandika kwa ajili yangu?”

“Kwa ajili ya nani mwingine, mwanangu!”

Akashika ncha ya khanga akaifunua. Akainua uso. Akinamama wakapiga kelele, wee mwali, inama, bado! Bi Twalha alimshika kichwa amwinamishe, mtoto akakaza shingo. Ukuta ulikuwa mtupu. Akasema kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia, “Liwasheni. Mimi sijaliona.”

Ismaily akamtazama mpwa wake, akatazama ukuta, akakaa chini. Uwesu akachomeka waya. Lakini kile kidude, laana yake, hakijui kuruka mahali; kikizimwa kinaanza upya, mwanzo kabisa. Zikaja nyota. Yakaja maua. Vipepeo, mishale, KARIBUNI WAGENI, vipepeo tena. Muda wote huo mtoto kakaa kichwa juu, macho ukutani, mbele ya watu waliokwisha kuliona, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Likaja SEMENI. Akalisoma herufi moja moja, midomo inacheza.

Kisha akageuka kumtafuta aliyeliandika. Uwesu alikuwa nyuma ya meza, ameinama, kidevu kifuani, anatazama miguu yake. Aibu ilikuwa imemkunja. Mtoto akaokota noti moja kwenye sinia lake, akanyanyuka, khanga zikimburuta, akavuka uwanja wote ule peke yake mpaka mezani. Akaiweka noti juu ya boksi, mbele ya baba yake, kama watu walivyomwekea yeye, akasimama akingoja.

Hata Bi Twalha alishika mdomo. Uwesu aliitazama ile noti. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikawa nalia kwa sauti bila kujali nani ananiona. Taratibu akainua uso.

“Shakila,” akaita.

“Abee, baba.”